Ng'ombe Hawahesabiwi

Nilipewa dakika tano za kumsifu marehemu Mwalimu Oswald, na nilipoziwaza vizuri niliona sifa zake ninazozijua mimi zingekwisha kwa dakika mbili. Tatu zilizobaki ndizo zilizonisumbua. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai pale Lipangalala, nyumbani kwa mwanawe wa kwanza, Benedikto, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli na kipaza sauti mkononi. Kabla ya zamu yangu walikuwa wamesimama wanafunzi watatu wa zamani wa marehemu, watu wazima wenye vitambi vyao, na wote wakasema jambo lile lile: fimbo za mwalimu ndizo zilizotunyoosha. Mmoja akavuta mguu wa suruali kutuonyesha kovu kwenye muundi, akacheka, na watu wakacheka naye. "Bila hii," akasema, "leo ningekuwa naendesha bodaboda." Vijana wa bodaboda waliowaleta waombolezaji walikuwa wameegemea pikipiki zao pale pale kwenye uzio, wanamsikia. Mimi sikucheka. Nakaribia miaka hamsini, kazi yangu ni kufundisha walimu chuoni, na kama kuna kitu kimenichosha katika nchi hii ni mtu mzima kusimama msibani akaishukuru fimbo. Aliyefaulu huonyesha kovu. Asiyefaulu hapewi kipaza sauti.

Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani, mtoto mgongoni, akaja kuketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa wazi kando yangu. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za kutoka nyumbani kama unavyomuuliza mtu usiyemjua. Akanitazama, akasema, "Umenisahau. Mimi Minza." Nilimshika mkono nikasahau kuuachia. Alikuwa ameondoka upande wa Mngeta na basi la alfajiri. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kilichomleta kwenye msiba wa mtu yule, maana mimi niliona kwa macho yangu alivyochapwa. Akamshusha mtoto mapajani. "Alinichapa," akasema, "na yeye ndiye aliyeniruhusu. Nimekuja kwa yote mawili." Ikabidi nikumbuke, nipende nisipende, mwaka wangu wa kwanza wa kazi, kabla Benedikto hajaniita mbele.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo na daftari la jalada gumu ambalo nililithamini kuliko nguo zangu. Ndani yake alikuwemo Mrusi na mbwa wake wa kutokwa na udenda kengele ikilia. Alikuwemo Mmarekani na njiwa wake wa kudonoa kitufe apate punje. Alikuwemo Mswisi aliyewaketisha watoto na kuwauliza maji ya glasi ipi ni mengi, na Mrusi mwingine, aliyekufa kijana, aliyesema mtoto akishikwa mkono na anayejua zaidi hufika asikoweza kufika peke yake. Niliwaamini wote kwa zamu, kutegemea mkufunzi gani alikuwa ubaoni. Mtaala ulikuwa umebadilishwa. Kila semina ilisema mwanafunzi ndiye kiini, mwalimu anza na anachokijua mtoto. Sentensi hiyo niliipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Leo naifundisha, na kila ninapoiandika ubaoni mkono unasita.

Mwalimu Oswald, aliyekuwa mkuu wa shule, alilipokea daftari hilo siku ya kwanza akalipekua kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Ofisi yake ilikuwa na meza moja, kopo la peremende upande wa kulia, na fimbo ya mpera upande wa kushoto. "Huyu wa njiwa," akasema, "huyu anaijua kazi. Hawa wengine hawajawahi kukutana na watoto tisini." Kisha akafanya jambo ambalo siku ya msiba hakuna aliyelitaja, kwa kuwa hakuna aliyekuwepo: aliona chumba nilichopewa hakina kitanda wala kitu, akaenda nyumbani kwake akarudi na godoro kichwani. Nilikuja kujua baadaye kwamba lilikuwa lake yeye na mkewe, na kwamba walilalia mkeka mpaka walipovuna. Jioni mkewe aliniletea wali na perege wa kukaanga kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani, siku zote za mwezi ule wa kwanza. Mtu angekuwa mbaya tu ingekuwa rahisi. Huyu alinilisha.

Nikapewa hisabati darasa la nne. Darasa lilikuwa na watoto wa Kindamba na Kipogoro wa pale kijijini, na watoto wa Kisukuma waliotoka ng'ambo ya mto, ambao wazazi wao walikuwa wamehamia na mifugo. Hawa wa ng'ambo walikaa nyuma. Hawakusukumwa, walikaa wenyewe, na mwalimu aliyenitangulia alikuwa amewaacha huko. Minza ndiye aliyekuwa mkubwa wao, ana kama miaka kumi na miwili, mrefu, mwenye tabia ya kukutazama mdomo unapoongea. Nikasema moyoni, watoto hawa hawajaanziwa na wanachokijua. Nikanunua karatasi ya manila Ifakara, nikakesha nachora ng'ombe. Nilichora ng'ombe wazuri, jamani, wenye nundu na mikia, wengine weusi wengine wa madoa, na asubuhi nikawabandika ubaoni nikiwa nimejaa raha. "Baba yake Minza ana ng'ombe kumi na wanane," nikasema. "Akiuza saba, watabaki wangapi?" Mikono ya mbele ikanyooka. Nyuma kimya. Nikabadilisha, nikawaita wale wa nyuma mmoja mmoja waje wahesabu ng'ombe kwa kidole. Kulwa akatazama chini. Pacha wake Doto akatazama mlango. Masanja akasema hajui, na Luhende akasema hajui kabla sijamuuliza.

Mwalimu Oswald alikuwa dirishani. Aliingia na fimbo yake, akamsimamisha Minza kama mkubwa wa wenzake, akamuuliza ng'ombe kumi ukitoa watatu. Minza akasema, "Sijui." Mtoto wa darasa la nne. Akachapwa viboko vitatu vya mikononi, akaulizwa tena, akasema hajui, akachapwa tena. Hakulia. Mkuu alipotoka akaniambia, bila ubaya wowote, kama anayenifundisha kazi, "Umeona mwenyewe. Wewe umewachorea mpaka ng'ombe wao." Na mimi, sitaficha, kwa wiki kadhaa niliamini. Niliandika kwenye daftari langu zuri kwamba hawajafikia hatua. Mswisi alikuwa na hatua zake za kukua kwa akili ya mtoto, nami nikazitumia kumfungia mtoto mlango kwa adabu zaidi kuliko fimbo. Ndiyo maana wanachuo wangu wakinijia na nadharia mpya inayomeremeta huwa nawauliza kwanza: hii itakupa sababu gani nzuri ya kumwacha mtoto?

Minza akakosa shule siku nne. Mvua zilikuwa zimekatika, mto umeshuka, nikaazima baiskeli nikavuka. Mama yake alinipokea kana kwamba alikuwa akinisubiri: akanipa kigoda, akaninawisha mikono, akaleta michembe iliyochemshwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga za kusaga, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Minza alikuwa na homa lakini inaelekea kuisha. Alikaa kwenye ngozi ya ng'ombe akitufasiria, maana Kiswahili cha mama kilikuwa kidogo na Kisukuma changu kilikuwa neno moja, wabeja, la kushukuru. Nilikula, nikashukuru, nikataka kuwa mgeni mwenye mazungumzo. Nikauliza, "Na ng'ombe mnao wangapi, mama?"

Yule mama akaweka kijiko chini. Minza hakufasiri. Nikadhani hajasikia, nikarudia, na hapo mtoto akasema taratibu, macho kwenye ngozi, "Mwalimu, hilo haliulizwi." Mama akazungumza kwa kirefu, sasa bila hasira, na Minza akafupisha: ng'ombe hawahesabiwi, watoto pia. Ukiwahesabu unawaita wapungue. Mtu akikuhesabia ng'ombe wako, anakutakia wafe. Nikakumbuka manila yangu. Nikakumbuka nilivyosimama mbele ya darasa nikatangaza ng'ombe wa baba yake, nikawataja kwa idadi, nikauza saba, nikamwambia aje awanyooshee kidole. Nikakumbuka mikono yake. Nilisema, "Nisamehe, mama," naye Minza akafasiri na mama akacheka kwa upole, akanimiminia maziwa mengine.

Jua lilipoanza kushuka ng'ombe wakarudi. Mama akasimama upande mmoja wa lango la zizi, Minza upande wa pili na blanketi begani, wakapita katikati yao, wengi, vumbi na pembe. Hakuna aliyehesabu. Mlango ulipofungwa Minza akasema kuna wasiokuwepo: yule mwekundu wa pembe iliyopinda, na ndama wa yule jike mweusi mwenye paji jeupe, maana ndama huyo humfuata yule mwekundu. Kaka zake wakatumwa, wakawakuta wote wawili kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Nilisimama pale na baiskeli yangu ya kuazima. Mtoto ambaye hajui kumi toa tatu alikuwa ametoa kutoka kwenye kundi zima, kwa kufumba na kufumbua, na akataja jibu kwa jina na kwa ukoo wa mama yake.

Nilirudi nikachana manila. Jumatatu sikuuliza wangapi. Niliuliza nani hayupo. Asubuhi kabla ya mahudhurio nilimwita Minza mbele ayatazame madawati, ataje asiyekuwepo, kisha darasa zima liandike majina ya waliokuwepo na ya wasiokuwepo. Tulihesabu matofali ya choo kilichokuwa kinajengwa, tukahesabu madebe ya mpunga, samaki wakavu, hatua za uwanja. Chochote kisichopumua. Kufikia mwezi wa nane wale wa nyuma walikuwa wamesogea wenyewe, kidogo kidogo, na Minza alikuwa anamshika Masanja mkono anapokwama, sawasawa na alivyosema yule Mrusi wa pili. Bado hawakuwa hodari wote. Doto alikuwa anajua leo, kesho hajui. Evarista, wa Kindamba, mtoto wa hapo hapo kijijini, hakuhudhuria msimu mzima wa kulinda ndege: aliishi na bibi yake shambani kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akipiga kelele mpunga usiliwe, na aliporudi alikuwa nyuma ya kila mtu. Nilihitaji mwaka mwingine mmoja tu.

Ofisi ya mkuu na chumba cha walimu vilitengwa na ukuta usiofika kwenye bati, kwa hiyo siri za shule hazikuwepo. Mwezi wa kumi nikamsikia mratibu wa elimu wa kata upande wa pili. "Oswald, mwaka jana mlishika mkia. Mwaka huu mkishika tena, mimi sitakutetea." Mkuu akajibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ya mtu aliyeomba mara nyingi. "Nitapunguza, mzee. Wale wazito watakaa nyumbani siku ya mtihani." Mratibu akaomba chai. Ndivyo mambo makubwa yalivyoamuliwa. Jioni karatasi ikawa mezani: Minza, Kulwa, Doto, Masanja, Luhende, Evarista. Asiyefanya mtihani ule asingeingia darasa la tano, na kwa wale wa ng'ambo ya mto kurudia darasa kulikuwa na maana moja, fimbo ya kuchungia au mume.

Nikamchukua Minza tukaenda ofisini. Nikasema, "Mwalimu mkuu, mpime huyu mbele yangu." Alinitazama, akavuta kiti. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, alikubali kupima. "Ng'ombe arobaini na wawili," akasema. "Kumi na saba wakifa, wanabaki wangapi?" Minza akaniangalia mimi. Ningeweza kumkonyeza tu, jibu, mwanangu, ni maneno tu haya, na najua angenitii. Sikumkonyeza, na katika yote niliyofanya mwaka ule hilo ndilo ninalojivunia mpaka leo. Nikasema, "Mpe madebe." Mkuu akashusha pumzi. "Haya, madebe." "Ishirini na tano," Minza akasema kabla hajamaliza kutamka. Akampa mengine, akampa ya kuzidisha, akampa matofali na mistari. Yote akajibu. Nikamweleza mkuu kile nilichofundishwa na mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akazungusha kopo lake la peremende. "Na mtihani ukija na ng'ombe?" Nikasema basi mtihani utakuwa umekosea. "Mtihani haukosei, Mwalimu Paskalia. Sisi ndio tunaokosea."

Akamfuta Minza kwenye orodha. Halafu akanisogezea karatasi na kalamu, kwa kuwa mwalimu wa darasa alitakiwa kusaini, na kando ya karatasi ile, bila kuisemea neno, akaweka fomu yangu ya kuthibitishwa kazini. Minza alikuwa amesimama pale pale, anatutazama midomo. Nilisaini. Wanachuo wangu huwa wanaipenda hadithi hii mpaka kwa madebe ishirini na tano, na kwa miaka yote nimekuwa nikiruka kutoka hapo hadi siku ya mtihani. Kulwa, Doto, Masanja, Luhende na Evarista nimewaacha nje ya darasa langu mara nyingi kuliko Mwalimu Oswald alivyowaacha.

"Mwalimu," Minza akasema chini ya turubai, mtoto wake akivuta shanga zangu, "nimesikia kwa binti mmoja aliyesoma kwako kwamba unasimulia habari zangu." Nikakiri. Ng'ombe walikuja kwenye mtihani ule kweli, na hadithi yangu chuoni husema kwamba Minza aliwageuza madebe kichwani, akapata jibu, akaliandika. Nimeijengea somo zima, jinsi ujuzi unavyohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Minza akacheka mpaka akaziba mdomo, maana tulikuwa msibani. "Nani alikwambia? Lile niliacha wazi. Niliruka, nikafanya mengine." Nikamuuliza kwa nini, hali madebe aliyajua. "Kwa sababu walikuwa ng'ombe, mwalimu," akasema, kana kwamba nimerudi kuwa mgeni nyumbani kwao. "Nilifaulu bila wao." Kuna wataalamu wangesema hakuhamisha ujuzi. Mimi nasema mtoto wa miaka kumi na miwili aliupima mtihani wa taifa, akaona sehemu yake moja haifai, akaiacha. Nilisikia fahari ambayo haikuwa yangu, na nyuma yake aibu, hiyo ni yangu.

Benedikto akaniita. Nikasimama mbele ya watu wote wale, mapadri, walimu wastaafu, wenye makovu na wenye bodaboda, na nikaanza kwa godoro. Nilisema marehemu alinipa godoro lake akalalia mkeka, na mkewe alinilisha. Mama mjane akainua uso, akatikisa kichwa kukubali, na ningeweza kushukuru nikakaa. Dakika mbili zilikuwa zimekwisha. Nikasema, "Jambo la pili nililojifunza kwake nililifanya pamoja naye. Tulikuwa na watoto tuliowaona wazito, tukasaini karatasi wakae nyumbani, mwaka hadi mwaka. Mkono wake na mkono wangu. Fimbo yake na daftari langu vilikuwa na jibu moja. Mwanafunzi mmoja amenifundisha kwamba kundi likirudi nyumbani huulizi ni wangapi, unauliza nani hayupo. Leo wanafunzi wa Mwalimu Oswald wamerudi nyumbani kwake. Nami nauliza." Mtu mmoja akaguna. Mzee mmoja nyuma akasema marehemu hasemwi. Nikamjibu kwamba simsemi marehemu, nawasema walio hai.

Nikataja, Kulwa. Minza akasimama na mtoto wake, akajibu kwa sauti, "Anachunga, alihama na mifugo kwenda kusini." Doto. "Alifariki kwa uzazi." Masanja. Kijana mmoja pale kwenye uzio akavua kofia ya pikipiki, akasema polepole, "Nipo, mwalimu." Luhende. Minza akasema hajui. Evarista, nikasema, Evarista wa kwenye dungu, na hakuna aliyejibu, nikalitaja tena, na mjane wa marehemu akaanza kulia.

Benedikto alinisogelea akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Hakuwa amekasirika, alikuwa mtu aliyemzika baba yake asubuhi ile na muda unamwishia. "Mwalimu, samahani," akaninong'oneza, "bado wangapi?"

"Hawahesabiwi, baba," nikamwambia, nikauondoa mkono wake, nikaendelea na majina ya darasa la mwaka uliofuata.